Yamepwa

Bamvua. Mwezi umeandama juzi
na hori la Sur limebaki tumbo wazi
mpaka kule chini ya daraja la Ayja;
walipopita samaki asubuhi
sasa anapita paka, anakung'uta mguu kila hatua.

Nimevaa buti za mpira za kaka yangu Harith,
namba arobaini na tatu; mimi navaa thelathini na nane.
Tope linanivua kimoja,
linakishika, linafikiri kidogo,
linanirudishia kwa sauti ya mtu anayemaliza mchuzi.

Mama alikuwa na Kiarabu cha dukani na cha msibani.
Cha maji hakuwa nacho.
Alikuja kutoka Wete na watoto wawili na cherehani,
na mpaka anafariki
bahari hii, ya Waarabu hawa, kwake ilisema Kiswahili:
bamvua, maji mafu, kujaa, kupwa.
Alichungulia dirisha la jikoni akasema, "Yamepwa,"
nasi tukajua viatu viko wapi.

Shuleni nikasoma madi na jazri. Nikafaulu.
Lakini mguu ukizama, unazama kwa neno la mama.

Haya, leo kuna nini?
Kigae cha bakuli, buluu, nusu ya ua.
Msumari mrefu kuliko kiganja, kutu imeuvisha sufi.
Simbi, simbi, kifuniko cha maziwa ya unga.
Simu ya vibonyezo: tano imefutika kabisa,
nyingine zote zinasomeka.
Nani huyo alipigiwa hivyo?
Kaa wenye gando moja kubwa wananipungia kwa mamia.
Au wananifukuza.

Karibu na bomba, mwanamume amechuchumaa na ndoo.
Shamsul, wa kiwanda cha barafu, kwao Barisal.
Anachokoa kome za chambo
kwa kijiko cha chai kilichokunjwa shingo.
Kiarabu chake na changu kila kimoja kina chongo lake,
tunaelekezana kwa vidole.
Anaonyesha hori lote, tupu, linalong'aa:
"Bhata," anasema.
Natafuta bata. Nageuka kushoto, kulia,
namwona kulastara tu, na lile paka.
Anacheka hadi anashika ndoo.
Anavuta mkono kuelekea baharini, polepole,
kama anayevuta shuka kwa mtoto aliyelala:
bhata.
Nami nauvuta mkono wangu vilevile:
kupwa.
Analionja. "Kup-wa." Anatema mate, analisema tena.

Sikumwambia lile jingine.
Kupwelewa: maji kukuondokea
ukabaki ulipo, ubavu chini.
Mama alilitumia kwa mashua, kwa taa aliyesahaulika kidimbwini,
na mara moja, mikono ndani ya sinia la vyombo,
bila kugeuka: "Miye nimepwelewa, wanangu."
Harith akauliza, "Samaki gani?"
Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikaenda kuangalia dirishani.
Hori lilikuwa limejaa pomoni.

Mluzi. Shamsul amesimama,
ananionyesha nyuma yangu.
Maji hayarudi kwa mbele, ukayaona, ukayasalimia;
yanatambaa kwenye mifereji, yanakuzunguka,
yanakugusa kwanza kisiginoni.
Kimfereji nilichokiruka kimeshakuwa mto.
Nakimbia, kama buti hizi zinajua kukimbia.
Tope linaishika ya kushoto, linafikiri,
na safari hii halirudishi.

Ukingoni tunahema, mguu mmoja mtupu, mweusi hadi gotini.
Mfukoni msumari na kigae. Simu nimeiacha.
Shamsul anahesabu kome zake.
Anaangalia maji, anatafuta neno, analikosa, ananiangalia.
"Yanajaa," namwambia.
"Joar," ananijibu.

Harith atauliza buti.
Nitamwambia iko pale pale, imesimama wima, imejaa maji,
na kesho yatapwa tena,
nusu saa na ushei baada ya leo.